Baiskeli ya Mbio kwa Safari Ndefu ya Peke Yako: Ukaguzi Uanzie Dukani

Mwendesha baiskeli anayeondoka Guta alfajiri, akaiacha Ghuba ya Speke mgongoni, akapita mjini Bunda na kushika barabara kuu ya lami kuelekea Kiabakari na Butiama, husafiri na vitu vitatu tu: mwili wake, baiskeli yake, na vile alivyobeba. Hakuna gari linalomfuata nyuma, wala fundi anayemngoja mbele. Chombo kikiharibika katikati ya safari, msaada atakaoupata ni ule uliopo mahali alipo. Kwa sababu hiyo, usalama wa mazoezi ya masafa marefu huamuliwa kwa sehemu kubwa kabla ya safari kuanza, yaani siku ile unaposimama mbele ya muuzaji na kutoa fedha zako.

Makala hii inamlenga mlaji, yaani mnunuzi na mtumiaji wa bidhaa, anayekusudia kununua baiskeli ya mbio, iwe mpya au ya mtumba, kwa ajili ya mazoezi ya masafa marefu. Inaeleza mambo ya kukagua, maneno ya kumwambia muuzaji, kumbukumbu za kuhifadhi, na hatua za kuchukua endapo bidhaa haikulingana na ulichoahidiwa.

Baiskeli tuliyoizoea na baiskeli ya mbio

Katika mkoa wa Mara, na Kanda ya Ziwa kwa jumla, baiskeli si kitu kigeni. Ndiyo inayobeba maziwa, samaki, maji, mkaa na abiria. Wazee wanakumbuka baiskeli za Swala zilizotengenezwa hapa nchini, na hadi leo Phoenix kutoka China ni chombo cha heshima katika kaya nyingi. Mashindano ya baiskeli hukusanya watu wengi katika mikoa ya kanda hii, na katika miaka ya karibuni misafara ya waendesha baiskeli imekuwa ikitoka Dar es Salaam hadi Butiama kumkumbuka Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki tarehe 14 Oktoba 1999 na kuzikwa kijijini hapo.

Hata hivyo, baiskeli ya mbio ni chombo tofauti. Fremu yake ni nyepesi, usukani wake umepinda kwenda chini, tairi zake ni nyembamba, na ina gia nyingi. Wepesi huo ndio faida yake, na ndio pia udhaifu wake: vipuri vyake havifanani na vile vya baiskeli ya mizigo, na fundi aliyezoea Phoenix kwa miaka ishirini anaweza kukosa hata mpira wa ndani wa kukuwekea. Mlaji asiyelijua jambo hili hununua baiskeli nzuri ambayo haiwezi kutengenezwa mahali anapoitumia.

Mfano wa hasara inayoweza kuepukwa

Tuchukue mfano wa kutungwa, ingawa kila jambo lililomo ndani yake hutokea. Kijana wa Guta ameweka akiba kwa misimu miwili kutokana na biashara ya dagaa. Anaonyeshwa mjini baiskeli ya mbio ya mtumba iliyopakwa rangi upya. Muuzaji anamhakikishia kuwa magurudumu ni ya “inchi 28” na kwamba tairi zake zinapatikana kila duka. Kijana analipa fedha taslimu, hapewi risiti, na akiwa njiani kurudi anapitia duka jingine na kununua tairi na mpira wa akiba ulioandikwa 28.

Wiki ya tatu, akiwa kilomita 40 kutoka nyumbani, tairi ya nyuma inapasuka. Anatoa ile ya akiba: tairi inalegea juu ya rimu na haishiki, na valvu ya mpira wa ndani ni nene kuliko tundu lililo kwenye rimu. Mtu anayekokota baiskeli hutembea kilomita 4 hadi 5 kwa saa. Kilomita 40 ni mwendo wa saa 8 au zaidi, juani, na maji yamekwisha. Akirudi kwa muuzaji baada ya siku mbili, anaambiwa kwamba hakuna aliyemwahidi kitu.

Kijana huyu hakukosa uangalifu wa barabarani. Alikosa mambo matatu ya dukani: hakusoma namba ya tairi, hakujaribu kipuri cha akiba, na hakuwa na maandishi ya mauzo.

Soma namba iliyo ubavuni mwa tairi

Neno “inchi 28” halitoshi kununulia tairi, kwa sababu linatumika kwa rimu za vipimo tofauti. Kipimo cha kuaminika ni kile cha milimita, kilichochapwa ubavuni mwa tairi kwa namba mbili zilizotenganishwa na kistari, kwa mfano 28-622. Namba ya kwanza ni upana wa tairi. Namba ya pili ni kipenyo cha mahali tairi inapokaa juu ya rimu, na hiyo ndiyo inayoamua kama tairi itaingia au haitaingia.

Baiskeli ya mbio ya kisasa kwa kawaida ina rimu ya 622, ambayo pia huandikwa 700C. Baiskeli ya mizigo ya inchi 28 iliyozoeleka kwetu hutumia rimu ya 635, na tairi yake huandikwa 28 x 1½ au 40-635. Tofauti ni milimita 13 tu, na kwa macho haionekani. Lakini tairi ya 635 ikivikwa kwenye rimu ya 622 hulegea, na ikijazwa upepo inaweza kuchomoka. Baiskeli nyingi za milimani za inchi 26 hutumia rimu ya 559. Tairi zake nazo hazitakufaa.

Andika namba ya tairi yako kwenye daftari au kwenye simu. Kisha, kabla ya kulipia baiskeli, pita katika maduka na kwa mafundi wa eneo lako na kuuliza kama wana tairi na mpira wa ndani wa namba hiyo. Ikiwa hakuna, haina maana kwamba usinunue baiskeli. Maana yake ni kwamba bei halisi ya baiskeli hiyo ni bei ya muuzaji pamoja na bei ya tairi mbili na mipira minne ya akiba utakayoiagiza kutoka mji mkubwa. Linganisha bei kwa hesabu hiyo.

Upana nao uzingatiwe. Tairi ya milimita 23 au 25 inafaa kwenye lami laini. Anayetoka kijijini kwa njia ya vumbi na kokoto kabla ya kuifikia lami atahifadhi rimu na mgongo wake akitumia tairi ya milimita 28 hadi 32, iwapo fremu na breki vinaacha nafasi. Mwombe muuzaji akuonyeshe nafasi hiyo kwa kidole, si kwa maneno.

Valvu, pampu na viraka

Rimu nyingi za baiskeli za mbio zina tundu dogo la valvu, lenye kipenyo cha takriban milimita 6.5. Valvu za mipira ya baiskeli za kawaida ni nene zaidi na huhitaji tundu la zaidi ya milimita 8. Kwa hiyo mpira wa ndani unaweza kuwa na kipimo sahihi cha gurudumu na bado usiingie. Usikubali tundu lipanuliwe kwa keekee bila ushauri wa fundi anayeijua rimu hiyo, kwa kuwa rimu nyembamba hudhoofika ikitobolewa.

Kichwa cha pampu nacho lazima kilingane na valvu. Kipo kipande kidogo cha shaba kinachofungwa juu ya valvu nyembamba ili pampu ya kawaida iweze kuijaza. Bei yake ni ndogo, na kukosekana kwake kunaweza kuharibu siku nzima. Jaza tairi mbele ya muuzaji kwa pampu uliyonunua, na usiondoke mpaka upepo umekaa. Usizidishe kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni mwa tairi kwa alama ya psi. Kwa mtu mwenye uzito wa kilo 65 hadi 70 anayetumia tairi za milimita 28, psi 70 hadi 80 hutosha.

Kuhusu viraka, chunguza mrija wa gundi. Gundi iliyokwisha kukauka ndani ya mrija ni bidhaa isiyofaa hata kama boksi lake ni jipya. Ubonyeze taratibu, ukiwa mgumu au mtupu, omba mwingine.

Ukaguzi wa baiskeli ya mtumba

Baiskeli nyingi za mbio zinazouzwa nchini zimetumika kwingine kabla ya kufika hapa. Mtumba si kosa, na mingi ni imara. Lakini rangi mpya huficha mengi. Fanya ukaguzi huu mchana, kwenye mwanga, bila haraka, na ikiwezekana ukiwa na fundi usiyemjua muuzaji kupitia kwake.

1. Fremu. Pitisha kidole taratibu kwenye maungio yote, hasa chini ya usukani na pale pedali zinapoingia. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba au iliyovimba inaweza kuwa dalili ya ufa. Fremu ya chuma huonyesha kutu. Ya alumini hupasuka karibu na sehemu zilizochomelewa. Ya kaboni inaweza kuwa na ufa wa ndani usioonekana kwa nje. Kama huna mtu mwenye ujuzi wa kaboni, ni salama zaidi kuchagua chuma au alumini.

2. Uma wa mbele. Simama ubavuni na uangalie kama miguu yake imerudi nyuma kuliko ilivyotakiwa. Uma uliopinda huashiria kwamba baiskeli iliwahi kugonga kitu.

3. Magurudumu. Nyanyua baiskeli na uyazungushe. Rimu isiyumbe kushoto na kulia inapopita kwenye breki. Gusa spoku zote. Iliyolegea hutoa sauti nzito kuliko wenzake. Pitisha kidole ubavuni mwa rimu mahali breki inaposhika. Ukihisi bonde, rimu imelika na inaweza kupasuka.

4. Breki. Bana kila kishikio kwa nguvu. Kisiufikie usukani. Angalia nyaya mahali zinapoingia. Uzi mmoja uliokatika hutangulia kukatika kwa waya mzima. Kisha jaribu ni mkono upi unaofunga gurudumu la mbele. Katika baiskeli za Uingereza na Japani ni mkono wa kulia; katika zile za Marekani na sehemu kubwa ya Ulaya bara ni wa kushoto. Asiyejua tofauti hii anaweza kufunga gurudumu la mbele ghafla kwenye mteremko na kurushwa.

5. Mnyororo. Chukua tepu ya kupimia. Weka sifuri katikati ya pini moja, kisha hesabu pini 24 zinazofuata. Katika mnyororo mpya, pini ya 24 hukaa sawasawa kwenye inchi 12. Ikiwa imepita kwa milimita moja na nusu, mnyororo unahitaji kubadilishwa. Ikiwa imepita kwa milimita 3, huenda hata meno ya gia za nyuma yamelika, na gharama itakuwa kubwa zaidi. Huu ni msingi mzuri wa kujadili bei.

6. Namba ya fremu. Kwa kawaida huchongwa chini ya mhimili wa pedali. Ikiwa imekwanguliwa au kusagwa, acha biashara hiyo. Fedha za mtu aliyenunua mali ya wizi hupotea mara mbili: anarudisha mali, na anajieleza kwa polisi.

7. Kimo. Simama juu ya fremu. Pawepo nafasi kati yako na bomba la juu. Kaa kitini na uweke kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama. Fremu isiyolingana na mwili wako haitarekebishika kwa kuinua kiti peke yake, na maumivu ya magoti yataanza kabla ya kilomita ya hamsini.

Mweleze muuzaji kazi ya baiskeli

Wanunuzi wengi hudhani kwamba kunyamaza ndiyo njia ya kupata bei nzuri. Kwa upande wa haki zako, kunyamaza kunakudhuru. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214 ya sheria za Tanzania, ina kanuni yenye manufaa makubwa kwa mlaji: mnunuzi akimjulisha muuzaji kazi anayokusudia kuifanya kwa bidhaa, na akategemea ujuzi wa muuzaji ambaye biashara yake ni kuuza bidhaa za namna hiyo, basi bidhaa hiyo inapaswa kuifaa kazi hiyo kwa kiasi cha kuridhisha. Sema waziwazi: “Nataka baiskeli ya kufanyia mazoezi ya kilomita 100 kwa siku, peke yangu, kwenye lami na njia ya vumbi. Je, hii inafaa?” Jibu lake liandikwe kwenye risiti au kwenye hati ya mauziano.

Kanuni hiyo ina mipaka ambayo ni vema uijue. Kwanza, ukinunua kwa kutaja jina la kibiashara tu, bila kueleza kazi, kinga hiyo hupungua. Pili, ukiikagua bidhaa kabla ya kununua, huwezi kulalamikia baadaye kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifunua. Kwa hiyo ukaguzi wa haraka haraka unaweza kukugharimu kuliko unavyodhani. Tatu, mtu binafsi anayeuza baiskeli yake mwenyewe, asiye mfanyabiashara wa baiskeli, habanwi kwa namna hiyo hiyo. Ukinunua kwa mtu binafsi, kagua mara mbili, na muandikiane hati yenye majina, namba ya fremu, bei na hali ya baiskeli, mbele ya mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa.

Aidha, Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa. Kumwambia mnunuzi kwamba tairi za 635 zinaingia kwenye rimu ya 622, au kwamba baiskeli ya mtumba ni mpya, ni maelezo ya namna hiyo.

Dai risiti ya EFD kila mara. Baadhi ya risiti na kuta za maduka zina maneno “bidhaa ikishauzwa hairudishwi”. Maneno hayo hayamwondolei muuzaji wajibu wake pale bidhaa inapokuwa na kasoro iliyofichika, au isipolingana na maelezo aliyoyatoa. Yanaweza kukuzuia kurudisha bidhaa nzima kwa sababu tu umebadili nia.

Kofia ngumu na taa

Usinunue kofia ngumu ya mtumba. Kofia hiyo imetengenezwa ili ivunjike ndani inapopokea pigo moja, na ufa wake hauonekani. Katika kofia mpya, tafuta alama za viwango vinavyotambulika, kama EN 1078 cha Ulaya au CPSC cha Marekani, na uangalie kama kuna alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Alama iliyobandikwa kwa karatasi inayobanduka kwa ukucha itiliwe shaka. Kofia ikae sawa juu ya paji la uso, vidole viwili juu ya nyusi, na mkanda ubane chini ya kidevu ukiacha nafasi ya kidole kimoja.

Nunua taa nyeupe ya mbele na nyekundu ya nyuma hata kama huna nia ya kusafiri usiku. Pancha moja inatosha kukuchelewesha hadi giza liingie. Ziwashe dukani na uziache kwa dakika kumi.

Siku za majaribio

Kabla ya kulipa, patana na muuzaji muda wa majaribio, kwa mfano siku 7, na muda huo uandikwe. Utumie vizuri. Safari ya kwanza iwe ya kilomita 10, ukizunguka karibu na nyumbani. Ya pili iwe ya kilomita 25. Ya tatu iwe ya kilomita 40, katika njia yenye mafundi na usafiri. Baada ya kila safari kagua bolti, nyaya za breki na spoku, kwa kuwa vitu vipya na vilivyofungwa upya hulegea mwanzoni.

Katika siku hizo hizo, toa gurudumu la nyuma na ulirudishe mwenyewe, na uweke mpira wa akiba mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kijana wa mfano wetu angefanya hivyo uani kwake, angeligundua kosa ndani ya muda wa kurudisha bidhaa, akiwa kivulini na chai ikiwa mezani.

Hesabu ya maji na chakula

Mwendesha baiskeli wa mazoezi huenda kilomita 20 hadi 25 kwa saa, hivyo kilomita 100 humchukua saa 4 hadi 5. Katika jua la Mara, mwili huhitaji takriban nusu lita hadi robo tatu ya lita ya maji kila saa. Jumla ni lita 2 hadi zaidi ya 3 na nusu. Chupa mbili za fremu zenye mililita 750 kila moja hubeba lita moja na nusu tu. Panga mapema mahali pa kujazia angalau mara mbili. Kunywa kidogo kidogo kadiri ya kiu; kumeza maji mengi mno kwa mkupuo nako kuna madhara.

Usijaze chupa kutoka ziwani. Maji ya Ziwa Victoria yasiyochemshwa yanaweza kuleta magonjwa ya tumbo, na kuingia majini ukingoni peke yake kunatosha kukuambukiza kichocho. Isitoshe, viboko na mamba ni wenyeji wa fukwe hizo. Ununuapo maji ya chupa, hakikisha kifuniko hakijafunguliwa, tarehe ya mwisho wa matumizi haijapita, na alama ya TBS ipo. Beba pakiti moja au mbili za ORS, na kila pakiti uichanganye na lita moja ya maji salama, si pungufu.

Vinywaji vinavyotangazwa kuongeza nguvu visichukue nafasi ya maji wala chakula. Vingi vina kafeini na sukari nyingi, soma lebo. Kwa safari ya saa 5, ndizi mbivu, maandazi, viazi vitamu vilivyochemshwa na chumvi kidogo hufanya kazi nzuri na havihitaji matangazo.

Siku yenyewe

Ondoka saa 12 asubuhi, kunapopambazuka, ili sehemu kubwa ya safari iwe imekwisha kabla ya saa 6 mchana. Mchana, nchi kavu ikishapata joto, upepo mara nyingi huvuma kutoka ziwani kuelekea bara. Anayerudi Guta mchana huukuta usoni, na kilomita za mwisho huwa nzito kuliko za kwanza. Weka akiba ya nguvu na maji kwa ajili hiyo.

Andika njia yako na saa ya kurudi, umwachie mtu wa nyumbani. Mpatane kwamba usipopiga simu ndani ya saa moja baada ya muda huo, aanze kukutafuta kwa kuifuata njia uliyoiandika, na si nyingine. Beba simu yenye chaji, kitambulisho, na fedha kidogo taslimu, kwa sababu si kila bodaboda atapokea malipo ya simu pasipo na mtandao. Namba ya dharura ya polisi ni 112.

Endesha upande wa kushoto, uvae nguo za rangi inayoonekana, na usizibe masikio kwa muziki. Mabasi na malori ya barabara ya Mwanza hadi Sirari husikika kabla ya kuonekana. Kusini mwa Bunda, ukielekea Lamadi, barabara hupita kando ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na tembo huingia hata katika mashamba ya vijiji vya wilaya hii. Waulize wenyeji habari za tembo kabla ya kupita, na usiwepo njiani jioni. Ukihisi kizunguzungu, kichefuchefu, au ukiona jasho limekatika ilhali joto linazidi, shuka, kaa kivulini, kunywa maji, na uombe msaada. Mazoezi ya siku hiyo yameishia hapo.

Ukipata hasara

Endapo baiskeli au kipuri kitaonyesha kasoro, fuata hatua hizi kwa utaratibu:

1. Acha kuitumia, na upige picha kasoro hiyo pamoja na namba ya fremu au lebo ya bidhaa. Usitupe kipuri kilichoharibika; hicho ndicho shahidi wako.

2. Rudi kwa muuzaji mapema, ukiwa na risiti au hati ya mauziano. Eleza tatizo kwa adabu na useme unachotaka: matengenezo, kubadilishiwa, au kurudishiwa fedha. Mpe siku maalumu ya kutoa jibu.

3. Asiporidhia, andika barua fupi yenye tarehe ya ununuzi, bei, maelezo aliyokupa na kasoro iliyoonekana. Baki na nakala.

4. Wasilisha lalamiko lako Tume ya Ushindani (FCC) ikiwa ulipotoshwa au umeuziwa bidhaa bandia. Ikiwa tatizo ni ubora au usalama wa bidhaa yenyewe, litaarifu Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Mahakama nayo iko wazi kwa anayedai fidia.

Lalamiko lako halikuhusu wewe peke yako. Kofia isiyo na kiwango iliyoondolewa dukani kwa sababu ulitoa taarifa haitavaliwa na mtoto wa jirani yako.

Orodha ya kubeba dukani

Nakili orodha hii na uende nayo: namba ya tairi imesomwa na vipuri vyake vimepatikana; mpira wa akiba umeingia kwenye rimu; pampu imejaza upepo; fremu, uma, magurudumu, breki na mnyororo vimekaguliwa mchana; kimo kinafaa; muuzaji ameelezwa kazi ya baiskeli na jibu lake limeandikwa; muda wa majaribio umeandikwa; risiti iko mkononi.

Ikiwa jambo moja kati ya haya halijakamilika, fedha zibaki mfukoni hadi likamilike. Muuzaji mwaminifu atakungoja. Barabara ya Butiama haiendi popote, na utaikuta pale pale siku utakapokuwa tayari.